Lanlan na Neno la Mwisho

Haya, sogeeni karibu. Anayemfinya mwenzake aache, hadithi imeshafika.

Lanlan alitoka China na baba na mama yake. Baba alikuwa fundi wa madaraja. Walikaa Morogoro, chini ya milima.

Kichina alikijua. Kiswahili alikiokota uwanjani, kwa rafiki yake Zamda. Lakini Kiingereza, jamani! Kiingereza kilimtoa jasho.

Siku ya wazazi shuleni ilikuwa kesho. Mwalimu Mhina akachagua watoto watano. Kila mtoto neno moja.

"We," akasema Kibwana.
"Are," akasema Tatu.
"Simoli," akasema Hamisi.
"But," akasema Zamda.

Neno la mwisho lilikuwa la Lanlan. "Strong!"

"Maana yake, sisi ni wadogo, lakini tuna nguvu," akasema Mwalimu. "Na hilo lako, Lanlan, ni silabi moja, kofi moja tu." Pa!

Lanlan akavuta pumzi. "Si-ti-long."

Pa, pa, pa. Makofi matatu!

Watoto wakacheka. Kwi, kwi, kwi! Hamisi alicheka kuliko wote. Lanlan akafunga mdomo. Akaufunga kweli kweli.

"Kesho sisemi," akamnong'oneza Zamda.

"Eti husemi?" Zamda akashika kiuno. "Tutasema sisi ni wadogo, lakini... Lakini nini sasa? Si tutabaki wadogo mbele ya mama zetu!"

Lanlan alitaka kulia.

Wakatoka nje kuruka kamba. Kibwana alishika ncha moja, Hamisi ncha nyingine.

Pwaa! Pwaa! Kamba inazunguka.

Lanlan akaingia. Kisha Zamda. Kisha Tatu. Kamba ikawanasa miguu, wote chini, puu!

"Mnaingia mmoja mmoja kama kuku bandani!" Kibwana akafoka. "Shikaneni mikono, ingieni pamoja!"

Wakashikana mikono. Pwaa! Watatu, mruko mmoja. Hakuna aliyenaswa.

Lanlan akaiacha kamba. Akawaza lile neno lake. Mbele lina sauti tatu, s, t, r. Kumbe zilikuwa zinaingia moja moja!

Njia nzima ya kurudi nyumbani alijaribu. Shikaneni mikono, ingieni pamoja! "Si-tlong." Aka! Makofi mawili. Tena. "Si-tlong." Bado mawili. Usiku ukaingia, bado mawili.

Kesho yake wazazi walijaa ukumbini. Mama yake Lanlan alikaa mstari wa mbele.

"We," akasema Kibwana.
"Are," akasema Tatu.
"Simoli," akasema Hamisi.
"But," akasema Zamda.

Kimya.

Wazazi wakangoja. Mwalimu Mhina akangoja. Mtu akakohoa, kho!

Lanlan akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

"But," akarudia Zamda, polepole.

Kimya.

Ndipo Lanlan akasikia kitu sakafuni. Kiatu cha Zamda. Pwaa. Pwaa. Kamba inazunguka!

Zamda akamshika mkono. Pwaa. Pwaa. Shikaneni mikono, ingieni pamoja!

Lanlan akaruka juu.

"STLONG!"

Kofi moja! Pa!

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Mama yake akasimama, akapiga makofi mpaka mkoba ukaanguka. Mwalimu Mhina akafuta macho kwa mkono wenye chaki, akapata nyusi nyeupe.

"Amesema stlong," akanung'unika Hamisi.

"Na wewe je?" akasema Zamda. "Simoli, simoli! Kuna aliyekucheka?"

Hamisi akatazama viatu vyake. Kisha akamsogelea Lanlan. "Nifundishe na mimi hiyo ya kuruka," akasema.

Usiku, mama akamshushia Lanlan chandarua.

"Lile neno lako lilikuwaje?" akauliza. "Si-te-long?"

Lanlan hakucheka hata kidogo. Akatoka kitandani.

"Mama, nipe mkono. Tunaingia pamoja. Moja, mbili..."

Wakaruka. "STLONG!" Sakafu ikalia, puu!

"Nani wanaruka huko saa hizi?" baba akauliza kutoka chumbani.

"Ni sisi wenye nguvu!" wakajibu wote wawili.

Lanlan akalala, mkono wake ndani ya mkono wa mama. Hadithi nayo imechoka kuruka, imejifunika shuka. Nanyi jifunikeni.