Uso wa Baba Mcha Mungu

"Mama, shetani!"

Foleni nzima ya dukani iligeuka. Mtoto alikuwa amejificha nyuma ya sketi ya mamake, akimnyooshea kidole mwanamume mrefu, mweusi tii, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka.

"Leo niko likizo, mwanangu," alisema mwanamume. "Nimefuata mkate tu."

Dada mmoja, mpambaji wa waigizaji, aliyesimama nyuma yake, alicheka mpaka machozi. Alimjua. Studio moja ya waumini pale mjini ilikuwa imetoa filamu nane za familia, na mara zote nane huyu aliigiza jini, mwizi au mganga. Malaika, mchungaji na baba mwenye nyumba? Maji ya kunde, filamu zote nane. Hesabu hiyo haisahauliki.

"Kesho naanza kupamba nyuso hukohuko studioni kwenu," alimwambia.

"Basi nipunguzie pembe, dada."

Mwezi haukuisha, simu zikawa hazipoi.

"Umekula, jini langu?"

"Nimekula viporo, nakuwaza wewe."

"Ungeniwaza kweli, ungenibakizia."

Kisha siku moja mwigizaji akapiga akihema. "Wamenipa nafasi ya baba! Baba mcha Mungu, anayesalisha wanawe mezani! Mama hajawahi kutazama filamu zangu, anasema yeye hakuzaa jini. Hii ataitazama."

Asubuhi ya kurekodi, mwongozaji alimvuta mpambaji kando. "Mpandishe rangi, awe maji ya kunde. Baba wa familia akiwa mweusi hivi, nani atamwamini? Akigoma, wapo wengine."

Dada wa watu alirudi chumba cha mapambo, mwigizaji yuko tayari kitini. Akamfikiria yule mama aliyesema hakuzaa jini. Akageuza kiti kikipe kioo kisogo, akapaka poda iliyoizidi ngozi ile weupe kwa hatua tatu, bila kumwambia. Alidhani anamwokoa.

Mwigizaji alijiona kwenye skrini ya kamera, tayari sala imesharekodiwa.

"Ni wewe uliyenigeuza rangi?"

"Ungekosa kazi, mpenzi."

"Kumbe na wewe huamini kwamba Mungu anaisikia sala yangu nikiwa hivi nilivyo?"

Siku tatu mwigizaji hakupokea simu. Dada alikaa, akasimama, akafagia chumba kilichokwisha kufagiliwa, akaandika ujumbe, akaufuta.

Siku ya nne mwigizaji alikuja studioni kumalizia sehemu zilizobaki za mkataba. Akaketi, akafumba macho. "Paka, tumalize."

Dada hakupaka. Alichovya taulo kwenye maji, akamfuta shavu la kulia, la kushoto, paji la uso, kana kwamba poda ile bado ipo. "Nilikosea. Nilimwogopa mwongozaji kuliko nilivyokuheshimu."

Macho yakafumbuka. Mlango nao ukafunguka.

"Hiki nini?" mwongozaji akafoka.

"Ni baba wa familia," alisema mpambaji. "Humtaki hivi, tafuta baba mwingine, na mpambaji mwingine."

Akawatafuta kweli. Kabla ya saa sita mchana wawili hao walikuwa barabarani, mmoja kashika sanduku la vipodozi, mwingine angali na suti ya kuigizia.

"Mama hatakuona tena ukiwa baba kwenye filamu," dada alisema.

"Ataniona leo. Twende kwake."

"Nikamwambie nini?"

"Kwamba umenifukuzisha kazi. Mimi nitamwambia nakuoa."

"We! Hujaniuliza hata kama nataka."

"Unataka?"

Magari yalipiga honi, watu wakawapita wakiwasukuma mabega. Dada alihamishia sanduku mkono wa pili, akamshika mkono.

"Nataka. Lakini tutembee haraka, kabla sijaanza kuogopa tena."