Sauti Iliyoita Nyuma ya Nyumba

Jua lilikuwa linazama Constance alipopanda vijia vya mtaa wa Kadutu, akitoka Nyawera kununua mega za intaneti ya simu. Miguu ilikuwa mizito kama mawe. Tangu mji utekwe na waasi, ofisi yake ilikuwa imefungwa. Mumewe, Cyprien, alikwenda Kavumu kuleta maharagwe siku ambayo mapigano yalifika huko. Hakurudi. Hata maiti yake haikuonekana.

Jioni ile mdogo wake Delphine, aliyekimbilia Bujumbura, alikuwa akiimba katika igizo la nyimbo la kuwachangia wakimbizi, na lilirushwa moja kwa moja kwenye simu. Constance akaegemeza simu kwenye thermosi. Mama mkwe wake, Maman Mapendo, akajisogeza karibu.

Jukwaani, Delphine alikuwa mke anayemngoja mumewe kando ya ziwa.

"Njia iko giza, mupenzi… itika nikusikie…"

Picha ikakwama. Sauti ikaendelea.

"Itika nikusikie…"

"Niko hapa."

Haikutoka kwenye simu.

Ilitoka nyuma ya nyumba. Sauti ya Cyprien, ile ile, yenye mkwaruzo kidogo. Halafu harufu ikapenya chini ya mlango: udongo mbichi, kama shimo limechimbwa sasa hivi.

"Constance… kuko baridi huku. Unikamate mukono."

Maman Mapendo akamshika bega.

"Usiitike," akanong'ona. "Mutu mwenye uhai anapigaka hodi ku mulango. Ile yenye kuita nyuma ya nyumba inatafuta mwenye ataenda pahali pake."

"Maman, nimechoka. Nimechoka kungoja."

"Constance…" ikaita tena sauti ya nje.

Akafungua mdomo.

Kiganja kikavu kikauziba. Na mama mkwe, macho yakiwa ukutani, akaitika yeye:

"Niko hapa, mutoto yangu. Nakuja miye."

Sauti ya nje haikuita tena.

Harufu ikaisha. Kwenye simu watu wakapiga makofi. Maman Mapendo akasema usingizi umemshika, akajilaza, akaomba afunikwe.

Asubuhi hakuamka.

Walimzika. Matanga yalikuwa hayajaisha Cyprien alipopiga hodi mlango wa mbele, amekonda, hai. Alikuwa amejificha kwenye migomba, akasema, homa ikamlaza hadi akakaribia kufa. Jioni moja akasikia sauti ya mama yake ikisema, "Nakuja miye." Homa ikashuka pale pale.

Alipoambiwa kuwa mama amezikwa, alilia kama mtoto. Constance akamwosha miguu. Ilikuwa na joto, miguu ya mtu. Alitaka kufurahi, lakini uchovu ulikuwa umemkaa mifupani, na kila alipomtazama alihisi kama anatazama mgeni aliyevaa shati la mumewe.

Siku ile ile Delphine akapiga simu.

"Yaya, dada yangu! Nasikia shemeji amerudi! Mupe simu nimusalimie."

Cyprien akaipokea. Akaongea kwa kirefu, hata akacheka. Akairudisha.

Constance akaiweka sikioni.

"Delphine? Umemusikia?"

"Yaya… yeye sikumusikia hata kidogo."

"Basi ulisikia nani?"

"Maman Mapendo." Delphine akashusha sauti. "Anauliza… ni nani atakuja kumupokea zamu kule kwenye baridi."

Constance akakata simu; sasa zamu ingekuwa yake au ya Cyprien. Mezani, Cyprien alikuwa ameshaanza kula. Akainua macho, akamwambia kwa upole kwamba chumvi imepungua.