Kompyuta Ilisema Jicho ni Zima

Asubuhi moja mteja alirudisha mlango kwenye karakana ya seremala. Seremala huyo aliitwa Fundi Nyoosha, kwa sababu hakuvumilia ubao uliopinda hata kidogo.

"Fundi, mlango huu umepinda," mteja alisema.

"Mlango wangu upinde? Labda nyumba yako ndiyo imepinda!"

Mteja hakucheka. Aliweka rula juu ya ubao. Upande mmoja ulikuwa umeliwa na randa zaidi kuliko mwingine. Fundi Nyoosha akainama kutazama. Machoni mwake, rula yenyewe ilikuwa na mawimbi katikati.

Aliona haya. Hakumwambia mtu. Lakini jioni, mkewe alimwona akimimina chai nje ya kikombe. Mkewe alikuwa karani wa chuo cha ufundi, na hakuna jambo lililompita bila kuuliza.

"Baba watoto, mbona unainywesha meza?"

"Mkono umeteleza tu."

"Mkono, au jicho?"

Ndipo akasema yote. Alikuwa na kisukari kwa miaka tisa. Alijua kwamba ugonjwa huo huharibu macho.

"Lakini nilipimwa mwezi uliopita," alisema, akatoa karatasi mfukoni. "Walinipiga picha ya ndani ya jicho. Majibu haya hapa: salama, rudi baada ya mwaka."

Mkewe aliisoma karatasi mbele na nyuma. "Nani amesema salama? Sioni sahihi ya daktari."

"Kompyuta."

"Kompyuta imejuaje?"

"Sasa mimi nitajuaje imejuaje?"

Walicheka wote wawili. Hata hivyo, swali lile halikumtoka karani kichwani. Akapiga hodi kwa jirani yao.

Jirani alikuwa muuguzi mstaafu wa macho. Sasa alifanya kazi na shirika dogo la hisani. Shirika hilo lilichunguza kama kompyuta zinazosaidia kupima wagonjwa zinamtendea kila mtu haki. Alikuja, akaketi, akapewa chai, akaisoma karatasi.

"Kompyuta hii inatumia akili bandia," alieleza. "Imeonyeshwa maelfu ya picha za macho. Kila picha ilikuwa na jibu la daktari: hili zima, hili lina ugonjwa. Polepole ikajifunza kufananisha. Inasaidia sana, maana madaktari wa macho ni wachache."

"Kwa hiyo imekosea?" karani aliuliza.

"Sijui bado. Shemeji, picha yako ilitoka vizuri?"

"Walipiga mara tatu. Waliniambia nina mtoto wa jicho, ule ukungu unazuia."

Jirani aliweka kikombe chini. "Dirisha likiwa na vumbi tele, unaweza kuchungulia ukasema ndani hakuna mtu?"

"Hapana. Nitasema sioni."

"Basi nataka kujua kama kompyuta hii imefundishwa kusema 'sioni.' Kesho nenda hospitali. Omba daktari wa macho akutazame mwenyewe. Ni haki yako. Usitupe karatasi hii, na usiache dawa zako za kisukari."

Kesho yake daktari alimtia matone ya dawa machoni, akamtazama kwa muda mrefu. Maji yalikuwa yakivuja nyuma ya jicho.

"Umewahi," daktari alisema. "Ungesubiri mwaka, huenda tungeshindwa kuliokoa. Utachomwa sindano."

"Ya wapi?"

"Ya jicho."

"Daktari, hakuna ya kunywa?"

Alitiwa ganzi, akachomwa, wala hakuumia kama alivyoogopa. Baada ya miezi michache ya matibabu, mawimbi yalipungua sana.

Karani sasa alikuwa na swali jingine. "Jirani, wangapi wengine wameambiwa 'salama' kama mume wangu?"

"Hilo ndilo tunalotaka kujua. Lakini shirika letu lina watu watatu. Picha ziko hospitali. Wataalamu wa kompyuta wako chuoni kwenu. Sisi tuna maswali tu."

Karani alikwenda kwa mkuu wa chuo, akamweleza habari za shirika.

"Wanataka mchango?" mkuu aliuliza.

"Wanataka walimu wawili wa kompyuta kila Ijumaa, na chumba cha kufanyia kazi."

Mkuu alisogeza kiti. "Kwani kompyuta ya hospitali inaweza kukaguliwa kama gari?"

"Hata mimi nataka kujua, Mkuu."

"Basi tuwape. Wanafunzi nao wajifunze."

Hospitali haikuwa rahisi hivyo. Mkurugenzi wake, mama mmoja makini, aliwasikiliza jirani, karani na Fundi Nyoosha wakiomba picha, akatikisa kichwa.

"Mkikuta kosa, mtatuchafulia jina. Watu wataogopa kuja kupimwa."

Fundi Nyoosha alijikohoza. "Mama, mteja aliponirudishia mlango, aliniaibisha. Lakini asingeurudisha, leo ningekuwa nakaribia upofu, na milango bado inapinda."

Mkurugenzi alimgeukia jirani. "Na siri za wagonjwa?"

"Kamati yenu ya maadili ipitie mpango wetu kwanza," jirani alijibu. "Ninyi mtaondoa majina na namba, mbaki na orodha yake, kabla hatujapewa picha. Madaktari wenu wawili watazisoma bila kuona jibu la kompyuta, kisha tutalinganisha. Ila kuna jambo moja. Mkitusaidia, matokeo yatatangazwa hata kama hamtayapenda. Tuliandike hilo."

"Nitayaona kabla?"

"Wiki mbili kabla, ili mrekebishe. Si ili myafute."

Mkurugenzi alicheka kwa mara ya kwanza. Kamati ilipokubali, alitia sahihi.

Kazi ilichukua miezi minne. Walikagua picha mia sita. Kwenye picha safi, kompyuta ilikuwa hodari, karibu sawa na madaktari. Kwenye picha zenye ukungu, mara nyingi ilisema "salama." Haikuwa na jibu jingine la kutoa! Hakuna aliyeifundisha kusema kwamba haioni.

Mkurugenzi hakusubiri wiki mbili ziishe. Aliagiza kila mwenye picha ya ukungu aitwe tena. Watu kumi na mmoja walikutwa wanahitaji matibabu. Watengenezaji wa kompyuta waliandikiwa barua, wakaongeza jibu lililokosekana. Hospitali ikapanga daktari wa kutazama picha zisizosomeka, siku ileile. Shirika likatangaza matokeo yote, mazuri na mabaya, na chuo kikaendelea kutoa chumba na walimu kila Ijumaa. Watu hawakuogopa kwenda kupimwa. Walizidi.

Siku moja Fundi Nyoosha alikuwa kliniki akisubiri zamu yake. Mbele yake bibi mmoja aliegemeza kidevu kwenye mashine. Picha ilipigwa. Maandishi yakatokea kwenye kioo cha kompyuta: Picha haisomeki. Mwite daktari.

"Imesemaje, mwanangu?" bibi aliuliza.

"Imesema haijaona vizuri, bibi," muuguzi alijibu.

"Ala! Kumbe nayo inakiri?"

Muuguzi alicheka, akainuka kumwita daktari. Daktari akatoka chumba cha pili, akamshika bibi mkono, akaenda naye ndani kumtazama mwenyewe.