Fulana Aliyoivaa Mwenyewe

Asubuhi ile Babu Saa alifunga mlango wa chumba. Alimwambia mke wake asiingie.

"Nikikuita ndiyo uje," alisema.

"Na usiponiita?"

"Basi ujue nimepigana na nguo, na nguo imeshinda."

Bibi alikaa kwenye kiti cha ukumbini akasubiri. Alisikia kitanda kikilia. Alisikia mumewe akihema, kisha akimgombeza mtu. Mtu huyo alikuwa mkono wake wa kulia.

Watu walimwita Babu Saa kwa sababu ya kazi yake. Kwa miaka mingi alitengeneza saa za mkononi na za ukutani. Vidole vyake viliweza kushika skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Kisha akapata kiharusi. Mdomo ulipinda, ukarudi. Mguu ulilegea, ukapata nguvu tena. Lakini mkono wa kulia ulibaki mzito. Tangu hapo alivalishwa kila kitu, hata soksi. Alivalishwa na Bibi, au na binti yao, ambaye kazi yake ni kuoka mikate.

Kliniki kulikuwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alikuwa mwanamke kijana aliyetoka nchi nyingine. Babu Saa alimwita Mwalimu, kwa sababu kila mara alimpa kazi ya nyumbani kama mtoto wa shule. Safari hii kazi ilikuwa moja tu.

"Vaa nguo moja mwenyewe, mzee," alikuwa amemwambia. "Bila kusaidiwa. Nataka nione."

Mlango wa chumba ulifunguka. Babu Saa alisimama pale amevaa fulana kubwa ya kijani. Shingo ya fulana ilikuwa pana, ndiyo maana ilikubali kupita. Kifuani ilikuwa na picha ya mwanamume mwenye kofia ya kijeshi. Binti yao aliitoa kwenye rundo la mitumba kwa sababu ya ukubwa wake. Picha hakuijali.

"Nani amekuvalisha?" Bibi aliuliza, ingawa alijua.

"Fundi," Babu akajibu.

Bibi alimfuta jasho la paji la uso. Kisha akageuka upande, maana machozi yalikuwa karibu.

Binti alimpeleka baba yake kliniki. Babu Saa aliketi kwenye benchi ametoa kifua mbele. Hakutaka kuegemea, fulana isije ikakunjamana.

Mwalimu alitoka akitabasamu, kama siku zote. Alikuwa na desturi yake. Kabla ya kuanza mazoezi aliweka kiganja kifuani pa Babu, akasema, "Pumua, mzee. Hatuna haraka." Siku hiyo kiganja kilinyanyuka. Kikasimama hewani. Kikashuka.

"Mzee, fulana hii umeipata wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sokoni. Na leo, Mwalimu, nina habari..."

"Huyu mtu unamjua?"

"Simjui. Labda mwimbaji. Lakini sikiliza kwanza, leo nime..."

"Samahani, mzee," Mwalimu alisema. "Nisamehe kidogo."

Akatoka. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Baada ya muda alikuja mwenzake, kijana mpole. Alimnyoosha Babu mkono kwa uangalifu, taratibu, hadi mwisho. Lakini hakuuliza habari ya kazi ya nyumbani. Hakujua kama ilikuwepo.

Nyumbani, Babu Saa alilala akageukia ukutani. Bibi alimletea mpira mdogo wa kufinya, ule wa mazoezi.

"Uweke mbali," Babu alisema.

"Mwalimu alisema asubuhi na jioni."

"Mwalimu amekata tamaa. Umenielewa? Ameona huu mkono hauponi, akashindwa kuniambia usoni. Saa ikifika mezani kwangu nikaona imekufa, nilikuwa nikimwachia mwenzangu amwambie mwenye saa. Najua mambo hayo."

Bibi alirudi jikoni. Binti yake alikuwa anaosha vyombo kwa hasira. Sufuria zilisikika mpaka nje.

"Si mkono, mama," binti alisema. "Ni fulana. Aliitazama kama mtu aliyeona nyoka mlangoni."

"Ina nini?"

"Sijui ina nini. Na sioni kosa letu. Nguo ni nguo. Baba hakumtukana mtu. Sasa kila mgeni akija tumwulize tuvae nini? Si tutatembea uchi?"

"Punguza sauti. Baba yako akisikia atapata wazo."

Binti alicheka bila kutaka. Bibi naye alicheka. Lakini mpira wa mazoezi ulikuwa bado mkononi mwake, na hakujua auweke wapi.

Kesho yake alikuja Kinyozi. Tangu Babu Saa augue, Kinyozi alikuwa akija kumnyoa nyumbani. Alisema anapita tu, ni njia yake. Bibi alijua nyumba ya Kinyozi iko upande mwingine kabisa, lakini hakumwambia.

Kinyozi alipoingia uani, aliona fulana ya kijani kwenye kamba. Aliweka mfuko wake chini. Akaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa kidogo.

"Mmempata wapi mzee wetu?" aliuliza.

Binti alitoka mbio jikoni. "Unamjua?"

"Nisimjue vipi? Alitawala nchi niliyotoka, nilipokuwa mtoto. Kijijini kwetu hatukuwa na maji. Yeye akaleta bomba. Mama yangu aliacha kubeba ndoo kichwani kwa sababu ya mtu huyu. Nyumbani kwangu picha yake iko ukutani."

Babu Saa alisikia akiwa ndani. Aliita kutoka kitandani, "Umesikia, bi mkubwa? Ni mtu mwema. Basi tatizo ni mkono, kama nilivyosema."

Bibi alimkaribisha Kinyozi chumbani. Akamsimulia yote: fulana, Mwalimu, mikono iliyotetemeka. Kinyozi alikuwa anapaka povu kwenye shavu la Babu. Bibi alipofika kwenye habari za Mwalimu, brashi ilisimama.

"Huyo dada anatoka wapi?"

"Nchi moja na wewe, nasikia," Binti alisema. "Lakini kusini."

"Kusini," Kinyozi alirudia. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Pole yake. Kusini hawakuona bomba. Waliona askari. Watu walichukuliwa usiku, wengine mpaka leo hawajulikani walipo. Mimi zamani nilikuwa nabisha. Nilisema ni uongo. Kisha nikaoa kusini, na baba mkwe wangu akanionyesha mgongo wake."

Povu lilianza kukauka kwenye shavu la Babu.

"Sasa mkweli nani?" Babu aliuliza. "Wewe au yeye?"

"Wote wawili, mzee. Bomba lilikuja kweli, na askari walikwenda kweli. Ila picha haisemi lolote kati ya hayo. Inakaa tu kifuani, na kila anayeiona anasoma yaliyompata yeye."

Binti hakuridhika. "Kwa hiyo ni kosa kuivaa? Kuna sheria?"

"Mimi sijasema sheria. Vaa, hakuna wa kukukamata. Nami nikitaka kuvaa nitavaa, maana namjua, na mtu akiniuliza nina jibu. Je, mzee wetu ana jibu gani? Alidhani ni mwimbaji."

Babu Saa aliguna. Ilikuwa kweli.

"Lakini wewe una picha yake nyumbani," Binti alisema. "Mbona kibandani kwako unakonyolea watu sijaiona?"

"Kibandani kuna kioo, na ile saa aliyonitengenezea baba yako. Basi. Mteja anakaa, ananipa shingo, nami nina wembe. Sijui ametoka wapi wala amepitia nini. Lazima atulie. Nyumbani ni kwangu, anayeingia ananijua. Kibandani ni kwa watu."

Alichukua brashi tena. Akaongeza taratibu, "Na huyo dada wa kliniki, mzee, anaweka wapi mkono wake anapoanza?"

Babu Saa alinyanyua mkono wa kushoto, ule mzima, akaugusa kifua chake mwenyewe.

"Hapa," alisema. "Hapahapa." Kisha akasema, "Kumbe si mkono wangu."

"Si mkono wako, baba," Binti alisema.

Babu alivuta pumzi ndefu. Bibi aliona mabega yake yakishuka. Alikuwa ameyabeba juu tangu jana.

"Basi ile fulana nitaikata iwe tambara la kudekia," Binti alisema. Alikuwa anatafuta namna ya kusaidia.

Kinyozi alisita. "Hapo sasa utaniumiza mimi, dada yangu."

Binti alishika mdomo. "Samahani, kaka. Sikufikiri."

"Hukukusudia. Nipeni mimi, niende nayo."

Bibi aliitoa kwenye kamba. Aliikunja vizuri, picha ikiwa ndani, akampa. Kinyozi aliipokea kwa mikono miwili. Kisha akamnyoa Babu upande uliobaki.

Siku ya kliniki ilipofika, Babu Saa alikaa kitandani mikono imelegea. Nguo zake nyingine zote zilikuwa mashati membamba yenye vifungo. Hakuna hata moja aliloweza kulivaa peke yake.

"Bi mkubwa," aliita. "Njoo univalishe."

Bibi alijua neno hilo lilikuwa zito. Alimfunga vifungo kimoja kimoja. Alipomaliza alimpiga begani kidogo, akaenda naye mwenyewe.

Mwalimu aliwakuta kwenye benchi. Macho yake yalikwenda kwanza kwenye shati jeupe, kisha usoni pa Babu.

"Mzee, siku ile niliondoka vibaya," alianza.

"Subiri, Mwalimu. Nianze mimi. Sikumjua yule mtu. Sasa nimeambiwa. Ningejua, nisingekuletea picha yake hapa. Pole, binti yangu."

Mwalimu aliketi karibu nao. "Siku askari wake walipokuja nyumbani," alisema, "baba yangu alikuwa anakunywa chai. Hakuimaliza ile chai, na hatukumwona tena." Alimgeukia Babu. "Najua wewe huna kosa. Akili yangu iliniambia hivyo. Mikono ndiyo iliyokataa."

"Mimi nilidhani umekata tamaa na huu mkono," Babu alisema. "Nikaacha mazoezi."

"Nikate tamaa? Mzee, umepiga hatua kuliko watu wote niliowapokea mwaka huu."

"Sasa nisikie yote. Leo nimevalishwa, hata kifungo kimoja sikufunga. Ile fulana ndiyo nguo pekee niliyoweza kuivaa mwenyewe. Ulinipa kazi, nikaifanya. Nilikuwa nimekuja kukuonyesha."

Mwalimu alifunika uso kwa mikono. Bibi alidhani analia. Alipoondoa mikono alikuwa analia kweli, lakini anacheka pia.

"Ulivaa mwenyewe? Na mimi sikuuliza?"

"Hukuniachia nafasi."

Basi Mwalimu akafanya kazi. Alileta shati la mazoezi, akamwita Bibi asogee aone vizuri.

"Mkono mgonjwa uingie kwanza," alisema. "Kila siku. Shati likae mapajani, tumia mkono mzima kupandisha mkono wa shati mpaka begani. Kisha zungusha shati mgongoni, mkono mzima ufuate. Wakati wa kuvua ni kinyume. Mzima utoke kwanza, mgonjwa mwisho. Msiuvute mkono mgonjwa hata kidogo, mtaumiza bega."

"Sisi tulikuwa tunaanza na mzima," Bibi alisema. "Ndiyo maana kila asubuhi ilikuwa vita."

"Wengi hufanya hivyo, mama. Na vifungo, unajua kushona?"

"Najua."

"Ule utepe unaonata, kama wa viatu vya watoto, ushone ndani kwenye ukingo wa shati. Vifungo vibaki juu kwa nje. Atabana tu kwa kiganja. Mtu akimwona barabarani ataona shati lenye vifungo kama la mtu yeyote."

Bibi alimtazama yule mwanamke. Alikuwa amefikiria hata heshima ya mzee barabarani. Alimshika mkono akaubana.

Kisha Mwalimu akasimama mbele ya Babu Saa. Aliweka kiganja chake kifuani pake, juu ya shati jeupe.

"Pumua, mzee," alisema. "Hatuna haraka."

Wiki zilizofuata Bibi alishona. Kwanza shati la bluu, halafu la mistari, halafu yote. Mpira wa mazoezi ulirudi karibu na kitanda, asubuhi na jioni. Binti naye akaanzisha mazoea mapya sokoni. Akiokota nguo yenye sura ya mtu, humwuliza muuzaji na wateja wa jirani: huyu ni nani? Wasipojua, huirudisha kwenye rundo. Watu humcheka kidogo, naye hucheka nao.

Asubuhi moja Babu Saa alifunga tena mlango wa chumba. Bibi na Binti walisubiri ukumbini. Hawakusikia ugomvi. Walisikia mluzi.

Alipotoka alikuwa amevaa shati la mistari. Lilikuwa limebanwa mpaka chini. Kola ilikuwa imesimama upande mmoja na kukunjika ndani upande mwingine. Binti alinyoosha mkono amrekebishe. Bibi akamshika kiganja, akamtikisia kichwa.

Kliniki, Mwalimu alitoka mlangoni. Alimtazama Babu Saa toka chini mpaka juu. Macho yake yalifika kwenye kola, yakatulia hapo.

"Mzee, safari hii nauliza kabla ya yote," alisema. "Nani amekuvalisha?"

Babu Saa alitoa kifua mbele.

"Kwani hujaiona kola?"

Mwalimu alicheka mpaka watu wa kwenye benchi wakageuka. Kisha akamkaribisha ndani. Kola aliiacha vilevile.