Koti la Uzi wa Kijani

Kila asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupekua mifuko. Kabla nguo haijaingia majini, unatoa kila kilichosahauliwa: leso, vifungo, kalamu. Kalamu moja ikikuponyoka, shuka zote zinachafuka, na hapo utakiona cha mtema kuni. Mwenzangu wa miaka kumi na sita, niliyemwita Mapovu, ndiye aliyefua. Mimi nilipekua, nikapiga pasi, nikakunja. Wateja hatukuwajua kwa sura. Tuliwajua kwa nyuzi tulizoshona ndani ya kola ili nguo zisichanganyike.

Nyumbani waliniita Chiriku, maana sikujua kunyamaza. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu alipokuja mwanamke mmoja tuliyemwita Shangazi, ingawa hatukuwa na undugu naye hata wa dawa. Alimwahidi mama kwamba atanisomesha, na mama akalia kwa furaha. Shule yenyewe ikawa chumba hiki cha nyuma ya duka lake la dobi: makarai manne, meza ya pasi, kidirisha chenye nondo, na mlango uliofungwa kwa nje.

Kila Jumapili Shangazi alinishikia simu sikioni huku amenikazia macho, nami nikamwambia mama kuwa nasoma na naendelea vizuri. Sijawahi kuichukia sauti yangu kama siku zile. Shangazi alituambia pia kwamba polisi wakija watatukamata sisi, kwa kuwa hatuna hata karatasi moja ya kututambulisha. Tulimwamini. Ukifungiwa muda mrefu, unaamini lolote.

Siku moja nilipekua koti la uzi wa kijani. Mfukoni mwake hamkukosa vipande vya chaki, kwa hiyo tulijua mwenyewe ni mwalimu. Safari hii nilikuta jalada la daftari lililochanika. Nyuma yake paliandikwa: “Unalazimishwa kufanya kazi? Umefungiwa? Piga simu. Ni bure, na si lazima utaje jina lako.” Chini yake kulikuwa na namba, na picha ya mama aliyeshika simu.

Picha ile niliijua sana. Tulikuwa na madaftari hayohayo shuleni kwetu, na mimi nilimchorea yule mama masharubu, darasa zima likacheka. Ile namba sikuisoma hata mara moja. Sasa namba ninayo, simu sina.

Ndipo nikakumbuka jambo. Mifuko hupekuliwa kabla ya kufua. Nguo ikishapigwa pasi, hakuna anayeigusa tena. Nilichukua kalamu niliyoiokota mfukoni mwa nguo, nikachana kipande cha jalada, nikamwandikia mwalimu kwamba tumefungiwa nyuma ya duka, kwamba asimwambie mwenye duka, na kwamba apige ile namba ya nyuma ya daftari. Nilipokwisha kulipiga koti pasi, nikaitia barua mfukoni.

Shangazi akaja, akaliinua koti, akaona doa kwenye mkono. Akalitupa ndani ya karai. Alipoondoka, Mapovu alitoa mfukoni ujiuji wa karatasi. Nilijua akinisema nimekwisha.

“Andika tena,” alisema. “Na mimi nitaje.”

Barua ya pili ilitoka salama. Siku tatu baadaye nilisikia sauti ya mteja ng’ambo ya ukuta, akitaja wanafunzi wake na kumsifu Shangazi kwa kola zilizonyooka, wakacheka pamoja kama marafiki wa siku nyingi. Nilisema moyoni, huyu ametuuza. Kisha likaletwa koti la uzi wa kijani, safi kabisa. Nani huleta nguo safi kwa dobi? Niliingiza mkono mfukoni, nikatoa karatasi iliyosema: “Nimepiga. Wanakuja. Msionyeshe dalili yoyote.”

Walikuja siku iliyofuata, saa sita mchana: polisi wawili, afisa wa ustawi wa jamii, na mwanamke mfupi mwenye chaki vidoleni. Shangazi alifungua mlango huku akitabasamu. Alisema sisi ni watoto wa ndugu zake, wakitaka watuulize wenyewe. Akanigeukia kwa macho yaleyale ya Jumapili.

Nilikaribia kusema kwamba naendelea vizuri.

“Si kweli,” nikasema. “Hatuna undugu naye. Anatufungia.”

Mapovu akaanza kulia, akaitikia kwa kichwa. Pingu akavishwa Shangazi, si sisi.

Jioni, ofisini kwa afisa, nilipewa simu niongee na mama. Kwanza sikutaka kuishika. Niliona aibu kwa uongo wote niliomwambia. Yule mwalimu alivuta kiti akakaa karibu yangu.

“Mwanangu, mficha uchi hazai,” alisema. “Aibu ni ya aliyefunga mlango, si ya aliyefungiwa. Wewe ulisema kweli, na kweli hiyo imewatoa wawili. Namba ya msaada ikibaki nyuma ya daftari haimfai mtu. Iweke kichwani, uwafundishe na wenzako.”

Nikaishika simu. Mama aliuliza, kama kila Jumapili, kama naendelea vizuri.

“Hapana, mama,” nikamjibu. “Nilikuwa siendelei vizuri. Lakini sasa narudi nyumbani.”