Jaketi la Murhula

Jumamosi hiyo Margareta alikuwa akipiga pasi nyumbani kwake Okolona, sombe, mboga yao ya majani ya muhogo, ikichemka taratibu, na mwanawe Murhula amekaa sakafuni anasugua viatu vyake vya kadeti wa shule. Ulikuwa mchana mzuri tu. Kijana akasema, bila hata kuinua kichwa, kwamba akimaliza shule anaenda jeshi la nchi hii iliyowapokea kama wakimbizi. Alikuwa ameshajiandikisha, kwa hiari yake.

"Bon, Mama, usilie," alisema. "Marafiki wangu bote banaenda."

Margareta hakulia. Kule Kivu aliwahi kuwaona vijana wa umri huo wakiondoka na bunduki huku wakicheka, na hakumwona hata mmoja akirudi anacheka. Huyu alikuwa mtoto wake wa pekee. Kanisani aliomba pamoja na wenzake, kisha akapanda basi kwenda mji wa Columbus, kwa mama mmoja wa kwao ambaye watu humtaja kwa kunong'ona.

Mama yule alilipokea jaketi la kadeti la Murhula, lenye jina lake kifuani, akapaka kitu cheusi kwenye mishono. "Litundike bila mutu ndani," alimwambia. "Kitu chenye kitamufuata mutoto wako, kitapiga hii jaketi."

Murhula akapelekwa vitani ng'ambo. Jaketi likaning'inia kabatini.

Asubuhi moja Margareta alikuta tundu dogo kwenye bega la jaketi, kingo zake zimeungua. Jioni Murhula akapiga simu: gari lao limeshambuliwa, wenzake wamekufa, yeye hana hata mkwaruzo. Margareta alipiga magoti akamshukuru Mungu, na moyoni akamshukuru yule mama wa Columbus zaidi.

Matundu yakaongezeka. Ubavuni, mkononi, tumboni. Kitambaa kikaanza kulegea, nyuzi zikadondoka kabatini. Akampigia simu mama yule.

"Nguo yenye haina mutu inachokaka," sauti ilisema. "Yenye iko na mutu ndani haichokake."

"Nitaivaa miye."

"Hapana. Inataka kijana. Wa damu yake."

Margareta akakata simu, akaapa hatafanya jambo kama hilo. Na huenda asingelifanya, kama mdogo wake Gentille asingepiga simu wiki ile kutoka Buffalo.

Gentille alikuwa fundi cherehani, mjane, anaishi mtaa wa West Side na mwanawe wa pekee, Aganze. Alikuwa akilalamikia theluji. Mtoto anasubiri basi la shule na kikoti chepesi, alisema. "Yaya," alimwita, kama wanavyomwita dada mkubwa, "hauna ata jaketi ya zamani ya Murhula?"

Hivyo ndivyo walivyoishi tangu kambi ya wakimbizi. Nguo ya mtoto wa mmoja ikimbana, inakwenda kwa mtoto wa mwingine, hakuna anayeuliza. Margareta alitazama kabati. Angeweza kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi.

"Iko," alisema. "Ila imetoboka."

"Haina neno. Nitaishona."

Baada ya siku chache Gentille alimpigia kwa video. Aganze alisimama katikati ya sebule amevaa jaketi, anatabasamu. Matundu yote yalikuwa yamezibwa kwa uzi mwekundu, mishono ya msalaba, kila mmoja ukiishia kwa fundo la mara mbili, kama mama yao alivyowafundisha wote wawili.

"Asante, Mama mukubwa. Iko na joto sana."

Margareta alimtazama mtoto wa mdogo wake. "Imekukaa vizuri," alisema. "Usiivue."

Aganze alianguka mchana kweupe, kituoni, akisubiri basi. Moyo umesimama, walisema hospitali. Mwili haukuwa na jeraha. Jaketi ndilo lilikuwa na tundu jipya, upande wa kushoto. Msibani Buffalo, Margareta ndiye aliyelia kuliko wote, mpaka wakamshika.

Murhula alirudi mzima.

Ibada ya shukrani ikapangwa, na Gentille, pamoja na uchungu wake, akaja Okolona kumshonea kijana shati jeupe. Alimwambia avue fulana ampime. Murhula akavua.

Begani, ubavuni, mkononi, tumboni. Uzi mwekundu ulipita ndani ya ngozi. Mishono ya msalaba.

"Badocta hawaelewe, Mama mudogo," Murhula alisema. "Haiume."

Gentille alipitisha kidole mpaka kikakuta fundo. Fundo la mara mbili. Upande wa kushoto kulikuwa na tundu dogo, kavu, ambalo halikushonwa, mahali pale pale pa tundu la mwisho la jaketi. Aligeuka akamtazama dada yake. Margareta akainamisha macho, na hilo likawa jibu.

Gentille akachukua futi yake. Akapima, akakata, akashona. Kazi ilipokwisha akamvalisha kijana shati, akaingiza mkono chini yake kama anayenyoosha kitambaa. "Kuna uzi imebakia inje," alisema kwa upole. "Acha nikutolee."

Murhula alicheka kidogo, akidai anamtekenya.

Gentille alipokwisha kuondoka, Margareta alikuta uzi mezani. Ulikuwa mrefu kuliko tundu lolote, umelowa damu, na mafundo yake yote yalikuwa bado yamefungwa. Murhula alikuwa kwenye kochi, amefumba macho.

Alimwita. Begani kwenye shati jeupe kulikuwa na doa jekundu. Kisha likatokea la ubavuni.