Gari Lisiloguswa

"Dada, toa hilo furushi juu ya gari langu."

Priska hakugeuka. Ilikuwa mwisho wa mwezi, watu wamefurika nje ya posta ya Dodoma, na yeye alikuwa amezama ndani ya mkoba wake akitafuta ufunguo wa sanduku la barua. Furushi la sponji alikuwa amelitua kwenye boneti ya gari la kwanza aliloliona.

"Dada, nasema na wewe."

"Nimekusikia, kaka. Ni sponji hiyo. Ingekuwa matofali ningeomba ruhusa."

Ndipo akainua uso. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu, mkavu, kaunda suti ya kijivu, mstari wa pasi umesimama. Mwanamume huyo akatoa leso mfukoni akapangusa mahali furushi lilipokuwa, polepole, akipuliza. Priska akacheka hadi mabega yakatikisika ndani ya gauni lake la kitenge cha njano. Mwanamume naye, baada ya kununa kidogo, akatabasamu.

"Jipya hili," akasema, kama mtu anayeomba radhi.

"Naona. Hata nailoni hujatoa kwenye viti. Mimi nashona makava ya viti vya magari, pale Makole. Siku ukichoka kuunguzwa mgongo na nailoni, uje."

Sasa msimcheke Gideoni, ndiye huyo mwenye gari. Alikuwa ofisa wa wizara, lakini alilelewa kwa baba mdogo Songea, akavaa viatu vya binamu zake, akalala kitanda cha kupokezana, akasoma kwa vitabu vilivyokwisha kurasa. Walipomhamishia Dodoma alipanga nyumba Kikuyu, vyumba vitatu, na hakuna aliyempigia hodi. Miaka hiyo milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, magari ya Japani yakimiminika mengi yakiwa yametumika. Yeye akajinyima, akakopa kazini, akaagiza jipya. Kilikuwa kitu cha kwanza maishani mwake ambacho hakikuwahi kuwa cha mtu mwingine. Alikiendesha na soksi tu miguuni, viatu ameviweka kwenye mfuko chini ya kiti.

Makava hakushonesha, lakini simu alipiga. Aliipiga kwenye duka la jirani yake Priska, la Edina muuza vitambaa, ambaye alikuwa akitoa kichwa mlangoni na kuita mtaa mzima usikie: "Priska, bwana gari anakutaka."

"Umeamkaje, mpenzi?" Gideoni aliuliza, maana kufikia hapo walikuwa wapenzi.

"Nimeamka na vumbi puani. Wewe na mwenzio mmeamkaje?"

"Mwenzangu nani?"

"Huyo wa magurudumu manne."

"Basi hebu nishauri. Matonya fundi rangi ana dawa imetoka Dubai. Anaipaka juu ya rangi, ikikauka inakuwa kama kioo. Vumbi halishiki, jua halibabui. Nipake, nisipake?"

"Gideoni, mwezi mzima unaniuliza hilo hilo."

"Nataka maoni yako."

"Maoni yangu gari ni la kupanda. Na mimi nasikia baridi, hujaniuliza nipake nini."

Alicheka, na Gideoni akacheka, na Edina anayesikiliza akacheka zaidi yao. Lakini akishaweka simu chini, Priska alikaa mbele ya cherehani bila kukanyaga. Alikuwa na miaka thelathini na miwili. Alimpenda mtu huyu kwa upole wake, kwa jinsi alivyomsikiliza mpaka mwisho wa sentensi. Alichotaka kujua ni kimoja tu: je, kuna nafasi yake katika maisha ya mwanamume huyu, yake na ya watu wake?

Julai mama yake Priska akaja kutoka Kolo, kule Kondoa, kutibiwa macho. Gideoni akajitolea mwenyewe kwenda kumpokea stendi, tena akapiga tai. Basi la Kondoa lilipotema abiria, mama alishuka mwekundu kwa vumbi toka kilemba hadi makatambuga ya matairi aliyovaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ndiye wewe?"

"Ndimi, mama. Karibu sana." Akamfungulia mlango wa nyuma, akainama kwa adabu. "Tuvue viatu kwanza, mama. Humu tunaingia kama nyumbani."

Kwake halikuwa tusi. Si watu wote huvua viatu mlangoni? Si yeye mwenyewe ana soksi? Mama akavua. Lakini miguu nayo ilikuwa na vumbi la njia nzima ya Kondoa, na yeye akaliona kapeti jeusi lilivyo safi. Priska, aliyekaa mbele, aligeuka ili amuulize habari za nyumbani, akamwona mama yake amekaa ukingoni mwa kiti, makatambuga amepakata, vidole vya miguu amevikunja visiguse chini. Alikaa hivyo mpaka hospitali. Gideoni aliendesha polepole akizungumzia mvua, siku ile akijiona mwenye familia.

Tangu hapo, simu ikipigwa, Priska alimwambia Edina: "Mwambie nina kazi." Kesho yake: "Mwambie nimetoka." Edina akachoka kudanganya, akawa anasema tu, "Kaka, hataki."

Gideoni alijiuliza na kujiuliza. Akafikia jibu ambalo mtu mpweke hulifikia akiwa hana wa kumuuliza: kwamba amechelewa kuposa. Basi aende Kolo, na aende kama mtu. Akamwita Matonya.

"Paka dawa. Naenda ukweni."

"Hapo umenena, mzee. Wakwe hutazama gari kwanza. Ila likae bandani wiki nzima, jua lisilione."

Wiki hiyo alikwenda kazini kwa miguu, upepo ukimpiga mchanga usoni. Jioni alipika wali wa mtu mmoja, kisha akaenda bandani, akavua viatu, akakaa kwenye usukani na kujizoeza maneno ya posa. Aliyasema kwa sauti. Yakamtoka vizuri sana, na hakuna aliyeyasikia.

Jumamosi alilitoa. Lilipofika Makole watu waligeuka kulitazama, maana lilibeba mawingu yote mgongoni. Priska akatoka, futi ya kupimia shingoni. Alikuwa amekonda.

"Umelipaka."

"Kwa ajili yako. Nataka nikaposwe... nikapose, Priska. Tazama, hata maneno yananitoka kombo."

Hakucheka. Akamweleza, kwa sauti ya chini, habari ya vidole vya mama yake. Gideoni akashika paa la gari, akaliachia, akashika kichwa.

"Mungu wangu. Nitakwenda kumwomba radhi. Leo hii."

"Mama hana kinyongo. Alisema una adabu. Anayeogopa ni mimi. Nilimwona yeye, nikajiona mimi nyumbani kwako, nimekunja vidole mpaka uzeeni."

"Sivyo, mpenzi. Ngoja." Akafungua mlango, akaishika nailoni ya kiti cha mbele, akaichana. Akachana ya nyuma. Akazitupa mtaroni mbele ya watu, jasho likimtoka. "Panda. Panda na viatu vyako. Twende Kolo sasa hivi, njia yenyewe na mawe yake yote."

Machozi yakamlenga Priska. Alikuwa ametoka kumwaga maji uani, ndara zake zina tope. Akazunguka, akaingia, akakaa akaegemea. Kiti kilikuwa laini. Gideoni akaingia upande wake, viatu miguuni kwa mara ya kwanza, akamshika mkono, akamtazama usoni kwa mapenzi ya kweli.

Kisha jicho lake likashuka. Mara moja tu, likaenda kwenye kapeti, likarudi.

"Umetazama, Gideoni."

"Sikukusudia."

"Najua." Akaubusu mkono ule, akaurudisha kwenye usukani. "Ungekusudia, tungegombana, ungejirekebisha, tungeoana."

Akashuka. Akaufunga mlango kwa mikono miwili, taratibu, jinsi mwenye gari alivyopenda ufungwe.